Rangi ya Nini? Historia ya Rangi za Asili Katika Pwani ya Afrika Mashariki na Ushahidi wa Maneno Yake

Imekuwa desturi ya waandishi wa sarufi za Kiswahili, tangu zama za wamisionari wa karne ya 19, kueleza kwamba lugha hii ina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi, yaani -eupe, -eusi na -ekundu, na ya kwamba rangi nyingine zote hutajwa kwa jina la kitu: jani, jivu, kahawa, zambarau, manjano. Kwa upande wa sarufi kauli hiyo ni kweli, wala hapana awezaye kuikanusha. Lakini kauli ya kweli yaweza kuzaa hukumu isiyo ya kweli. Wako walioisoma wakaongeza kwamba Mswahili ni maskini wa rangi, na kwamba jicho lake halikuzoea kutenga kile ambacho ulimi wake haukukipa jina la peke yake. Makala haya yanakusudia kuipima hukumu hiyo, si kwa mizani ya sarufi, bali kwa mizani ya historia: kwa kuuliza rangi zenyewe zilipatikana wapi, zilisagwa na kuchanganywa vipi, zilikwenda na kuja kwa njia zipi, na ni maneno gani yaliyobaki kuwa mashahidi wake.

Nami nina deni la kulipa katika jambo hili. Zamani, nilipokuwa nikikusanya maneno kwa ajili ya tasnifu yangu ya udaktari katika chuo kikuu cha ng'ambo, nilizunguka mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja nikiwa na bunda la vibao vya rangi. Njia niliyoifuata ilikuwa ile ya Brent Berlin na Paul Kay, ambao katika kitabu chao cha mwaka 1969 walipima majina ya rangi kwa vibao 329. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha 20 walizozichunguza kwa kuwauliza wasemaji walioishi upande wa San Francisco, na moja ya kanuni zao ilitilia shaka kila jina la rangi ambalo papo hapo ni jina la kitu. Basi nilimwonyesha fundi seremala mmoja, mtu mzima sana, kibao chenye wekundu uliofifia. Alikipokea, akakigeuza nyuma, akakikwaruza kwa ukucha, kisha akaniuliza: "Hii rangi ya nini, mwanangu?" Nikamjibu, "Si ya kitu cho chote, mzee wangu. Ni rangi tu." Akanirudishia kibao changu kwa upole, akasema hawezi kulitaja jina la kitu kisichokuwapo. Katika daftari langu niliandika maneno mawili: "Hana jibu." Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba jibu alinipa, na kwamba swali lake lilikuwa na maarifa kuliko langu.

Tuanze na wekundu, maana ndio wenye ushahidi wa kale zaidi. Katika majabali ya Kondoa, katikati ya Tanzania, pana mahali zaidi ya 150 penye hifadhi ya mawe, na nyingi kati ya hizo zimechorwa watu na wanyama. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akizinakili picha za Kolo, Kisese na vijiji vya jirani, na mwaka 2006 majabali hayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Picha zinazohesabiwa kuwa za zamani zaidi ni nyekundu. Nyingi kati ya zile nyeupe zimechorwa baadaye, pengine juu ya zile za kwanza. Katika Kisese, ambako Ray Inskeep alichimba mwaka 1956, vipande vya udongo mwekundu vilifukuliwa pamoja na mawe yaliyochongwa na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Karibu zaidi na bahari, katika pango la Panga ya Saidi lililo upande wa Kilifi, wachimbaji wa miaka ya karibuni wamekuta vipande vya udongo wa namna hiyo katika matabaka ya kale sana. Na katika pango la Blombos huko Afrika Kusini yameonekana makombe ya baharini yaliyotumiwa kuchanganyia rangi nyekundu yapata miaka 100,000 iliyopita. Kwa hiyo kazi ya kutafuta rangi, kuisaga na kuitia kiungo cha kuishikiza si kazi iliyoletwa barani na wageni. Ni miongoni mwa kazi za kwanza ambazo mwanadamu amezifanya katika ardhi hii.

Jambo lenyewe ni hili. Udongo huo hupata rangi yake kwa kutu ya chuma. Kutu iliyoshikamana na maji hutoa rangi ya manjano. Kutu isiyo na maji hutoa wekundu. Kwa sababu hiyo udongo wa manjano ukiwekwa motoni hadi joto la nyuzi 250 au 300 hupoteza maji yake na kugeuka mwekundu, na mwenye kuujua moto aweza kupata rangi mbili katika shimo moja. Lakini udongo hauwi rangi kwa kuchimbwa tu. Hupondwa, hutiwa katika chombo cha maji na kukorogwa. Mchanga, ulio mzito, huzama kwanza, na maji yaliyobeba unga mwembamba humiminwa katika chombo cha pili na kuachwa yatulie. Mwenye haraka hupata rangi inayokwaruza. Mwenye kuosha mara tatu hupata unga laini kama poda. Baada ya kukauka husagwa tena juu ya jiwe, na hapo ndipo hutiwa kiungo, yaani gundi ya mti, mafuta, shahamu, au ute wa yai, kwa sababu unga wa udongo hauyeyuki: hukaa juu ya kitu, wala hauingii ndani yake, na pasipo kiungo hupukutika.

Katika Kiswahili udongo huu ulikuwa na jina lake, nalo ni ngeu. Maseremala na mafundi wa vyombo waliuweka katika maji, wakachovya uzi, wakauvuta juu ya ubao kutoka ncha hii hadi ncha hii, kisha wakauinua katikati na kuuachia; uzi ukauangukia ubao na kuacha mstari mwekundu ulionyoka, wa kufuatishia msumeno. Tendo hilo ndilo kupiga ngeu. Kamusi za zamani zatoa pia maana nyingine ya neno hilo hilo, nayo ni jeraha la kichwani litokalo damu, kama la mtu aliyepigwa fimbo. Na wekundu ndio uzi unaoziunganisha maana hizi mbili. Hapa pana jambo la kuangaliwa na mtunga kamusi. Ngeu si jina la rangi katika maana ya Berlin na Kay, maana ni jina la kitu. Lakini fundi asemapo ngeu hamaanishi udongo wo wote. Amaanisha udongo uliokwisha kuoshwa na kusagwa, wenye wekundu uliotiwa kazini. Jina limebeba kitu, rangi, na ufundi kwa pamoja.

Jirani zetu wa bara wanao mfano wa namna hii. Katika lugha ya Kimaasai olkaria ni udongo mwekundu wa kujipaka, na mahali ulipochimbwa, karibu na ziwa Naivasha, pakachukua jina hilo. Tangu mwaka 1981 umeme unaotokana na joto la ardhi umekuwa ukizalishwa Olkaria, hata wengi wanaolitaja jina hilo leo wanafikiri juu ya mitambo. Hata hivyo neno halijaacha kutoa ushahidi wake kwa anayeuliza.

Weupe wa pwani ulikuwa chokaa. Matumbawe yaliyotolewa baharini au kuchimbwa nchi kavu yalipangwa juu ya rundo kubwa la magogo, yakachomwa hata joto likafika karibu nyuzi 900. Hewa ya ukaa ikatoka katika jiwe, na kilichobaki kikawa chokaa kali, yenye kuunguza. Ilizimwa kwa maji, ikafukiwa au kulundikwa muda mrefu ili ipoe na kulainika. Kisha ilipopakwa ukutani iliivuta tena ile hewa iliyoipoteza, ikarudi kuwa jiwe. Hii ndiyo ajabu ya chokaa miongoni mwa rangi zote: ni rangi na kiungo chake pamoja, wala haihitaji gundi. Majumba ya Kilwa Kisiwani, pamoja na Husuni Kubwa iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na nyumba za Lamu zenye zidaka zilizochongwa kwa lipu, ni kazi ya chokaa hiyo. Na lugha haikutosheka na neno moja. Chokaa ni kitu kwa jumla. Niru ni ile iliyochujwa ikawa laini kwa kumalizia na kupaka weupe. Deheni ni chokaa iliyopondwa pamoja na mafuta au shahamu kwa kupaka chombo chini, ili maji yasipenye na wadudu wa baharini wasiutoboe ubao. Mtu akizitazama rangi hizi kwa kibao cha karatasi ataona weupe tu mara tatu. Fundi aona vitu vitatu, kwa kazi tatu.

Chokaa iliwafundisha mafundi sheria nyingine pia. Rangi nyingi za mimea haziwezi kukaa nayo. Manjano, yaani ile bizari tunayotia katika mchuzi, ikikutana na chokaa huacha umanjano wake na kugeuka nyekundu, tena jua likiipiga hufifia upesi. Lakini ngeu, ambayo ni udongo, haidhuriki kwa chokaa wala kwa jua. Ndiyo sababu katika ukuta uliopakwa chokaa rangi ya udongo ndiyo rafiki wa kudumu, na rangi za bustanini zikaachiwa nguo, mikeka, chakula na mwili wa mwanadamu.

Hapa yafaa tutenge mambo mawili ambayo neno rangi, lililotujia kutoka Kiajemi, limeyaweka chini ya paa moja. Iko rangi isiyoyeyuka, ambayo hukaa juu ya kitu. Na iko rangi inayoyeyuka, ambayo huingia ndani yake. Nomino yetu haizitengi, lakini vitenzi vyetu vyazitenga barabara. Ya kwanza hupakwa: twapaka chokaa, twapaka deheni, twapaka niru. Ya pili huchovywa: ukindu wa mikeka huchovywa katika maji ya rangi, na nyavu hutiwa katika maji ya magome ya mikoko. Mdaa ulitoa mizizi iliyochemshwa kwa ajili ya weusi wa ukindu, na jina la mti ni jina la kazi yake, kwa kuwa daa ndiyo rangi yenyewe. Mwanafunzi wa lugha anayehesabu vivumishi peke yake, akaviacha vitenzi, ni kama mtu aliyehesabu milango ya nyumba bila ya kuingia ndani.

Weusi wa kuandikia ulitokana na masizi. Moshi wa taa au wa kuni ulinaswa katika chombo, masizi yakakwanguliwa, yakasagwa na maji na gundi ya mti hata yakawa wino. Wino wa masizi haufifii, kwa kuwa mkaa hauathiriwi na mwanga, wala hauli karatasi kama ulavyo wino wa chuma uliotumika sana Ulaya. Misahafu iliyoandikwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19, ambayo Zulfikar Hirji ameichunguza katika miaka yetu hii, yaonyesha mafundi waliokuwa na kanuni ya rangi: nyeusi, nyekundu na manjano, zikipangwa katika mapambo ya kurasa kwa utaratibu unaotambulikana. Karatasi zilitoka ng'ambo, lakini mkono na mpango vilikuwa vya Siyu. Wala si ajabu kwamba Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyetawala huko Siyu, alipotunga utendi wake mwaka 1858 alianza kwa kumwagiza binti yake alete wino na karatasi. Katika tendi zetu agizo hilo limechukuliwa kuwa desturi ya ufunguzi tu. Lakini katika mji wa waandishi, wino ulikuwa kitu kilichotengenezwa, na kukiagiza kulikuwa kuagiza kazi ya mtu.

Tukija kwenye buluu twakutana na historia ya namna nyingine, yaani historia ya neno linalohama na kuacha kitu chake nyuma. Nili ni neno la Kiarabu na Kiajemi, na asili yake ni Kisanskriti, ambamo nila ni buluu iliyokolea. Kitu chenyewe hutoka katika majani ya mnili. Majani mabichi hayaonyeshi buluu hata kidogo. Hulowekwa katika maji hata yachachuke. Maji humiminwa na kupigwapigwa kwa muda ili hewa iingie. Ndipo buluu huzaliwa na kuzama chini kama tope, ambalo hukaushwa na kukatwa vipande. Nili ni rangi ya ajabu katika mgawanyo wetu wa juu: ikichachuliwa huyeyuka na kuchovya nguo, na ikikaushwa haiyeyuki tena, hata yaweza kusagwa na kupakwa. Kwa karne nyingi ilikuwa bidhaa ya Bahari ya Hindi. Lakini mwaka 1828 kulipatikana Ulaya njia ya kutengeneza unga wa buluu viwandani bila kuchimba jiwe la thamani lililokuwa asili yake, na unga huo ukaenea duniani kwa kung'arishia nguo nyeupe. Ulipofika pwani ulipewa jina lililokuwapo, yaani nili. Mwaka 1897 kiwanda cha BASF cha Ujerumani kikaanza kuuza nili iliyotengenezwa kwa kemia, na mashamba ya mnili ya Bara Hindi yakaporomoka. Kwa hiyo bibi aliyetia nili katika maji ya kufulia kanzu alitumia neno la mmea kwa unga usiokuwa na mmea ndani yake. Neno lilibaki palepale; kitu kilibadilishwa chini yake.

Zingefuri imesafiri safari ndefu zaidi. Kiarabu chasema zunjufr na Kiajemi shangarf, na maana yake ni jiwe jekundu lenye zebaki na kiberiti, jiwe zuri wa rangi na lenye sumu, ambalo waandishi wa vitabu wa nchi za Kiislamu walilisaga kwa wino mwekundu. Pwani kwetu neno hili lilishuka juu ya mti uliotoka Marekani ya joto, ambao mbegu zake zina ngozi nyekundu inayopaka vidole mara moja; nao ukaitwa mzingefuri. Jiwe la sumu likampa jina lake tunda linalotiwa katika chakula. Ni dhahiri kwamba walioipa mbegu jina hili walikwisha kuijua rangi ya jiwe, wakaulinganisha wekundu na wekundu. Kama wangekuwa watu wasiotenga rangi, wangesema tu kwamba ni mti mwekundu.

Hudhurungi nayo yafaa itajwe, maana kamusi nyingi huifasiri kuwa rangi ya kahawia iliyopauka, zikaishia hapo. Asili yake ni Kiajemi: khud ni nafsi, na rang ni rangi, yaani kitu chenye rangi yake mwenyewe. Lilikuwa jina la nguo ya pamba iliyoletwa kutoka Maskati kwa ajili ya kanzu, iliyopata rangi yake kwa pamba yenyewe pasipo kuchovywa. Basi neno tunalolihesabu leo kuwa la rangi lilikuwa hapo kwanza likisema kwamba hakuna rangi iliyotiwa.

Hatuwezi kuacha kusema juu ya kiungo, maana rangi pasipo kiungo ni vumbi. Na katika viungo vyote vya dunia, pwani hii ilitoa kimoja kilichosifiwa sana, nacho ni sandarusi. Ni utomvu wa mti wa msandarusi, ambao katika Mrima ulichimbwa ardhini mahali miti yenyewe ilipokwisha kutoweka zamani. Utomvu uliokaa ardhini kwa muda mrefu ulikuwa mgumu na wenye thamani kuliko uliotoka mtini, ambao wenyeji waliuita chakazi. Na wafanyabiashara wa Kiingereza wakaligeuza neno hilo likawa neno la lugha yao lenye maana ya punda dume, kama alivyoandika Richard Burton alipopita huku katika miaka ya 1850. Baada ya mkataba wa Marekani na Sayyid Said wa mwaka 1833, meli za Salem zilichukua sandarusi nyingi kutoka Unguja. Huko iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani, ikawa vanishi ya kupaka magari ya farasi na samani. Na neno lenyewe lina siri yake. Kiarabu ni sandarus, ndugu wa neno la Kiyunani sandarake. Na sandarake katika Kiyunani cha kale haikuwa utomvu, bali jiwe jekundu la kusagia rangi. Hapa tena rangi imehama kutoka kitu hadi kitu, na jina limeifuata.

Yatupasa tuseme waziwazi maana ya biashara hiyo. Nchi iliyotoa kiungo bora ilikipeleka kikiwa ghafi, na kazi ya kukigeuza kuwa vanishi ikafanyika mahali pengine. Kisha rangi za viwandani zikaanza kuja, kwanza zile za kuchovya, zilizozaliwa baada ya ugunduzi wa William Perkin mwaka 1856, halafu zile za mafuta za kupaka, zikiwa tayari ndani ya kopo. Rangi ya kopo haimwombi mtu ajue shimo, wala moto, wala mti. Sisemi hivyo kwa kuilaumu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi inayong'aa ya baiskeli juu ya vibao vya ujenzi, na katika miaka michache kabla ya kufa kwake mwaka 1972 alianzisha uchoraji unaojulikana sasa duniani kote. Fundi huchukua kilichopo. Lakini kopo liliponunuliwa, kazi kumi zilizolitangulia zilikoma, na kila kazi iliyokoma ilikuwa na maneno yake.

Na hata huko kiwandani mmea haukusahaulika kabisa. Dutu ambayo Perkin alikuwa akiifanyia majaribio, anilini, ilipewa jina hilo kwa kuwa kwanza ilipatikana kwa kuunguza nili, na Wareno walikuwa wamekwisha kuichukua nili kutoka Kiarabu wakaiita anil. Kwa hiyo neno lililo katika beseni la kufulia la bibi yetu na neno la kemia lililouangusha mmea ni ndugu wa tumbo moja.

Tukusanye sasa yaliyotawanyika. Sidai kwamba -eupe, -eusi na -ekundu vimetokana na chokaa, masizi na ngeu. Vivumishi hivi vina ndugu zao katika lugha nyingine za Kibantu, navyo ni vya kale kuliko tanuri za pwani. Ninalodai ni kwamba mbali na vivumishi hivyo Mswahili hakuhitaji kuitenga rangi na kitu, kwa sababu katika kazi zake rangi ilikuwa kitu. Ilikuwa na uzito na harufu. Iliweza kukubaliana na chokaa au kuikataa. Ilikaa juu au iliingia ndani. Ilitoka shimoni au ilitoka Maskati. Kanuni inayokataa jina la rangi kwa sababu ni jina la kitu yafaa kwa lugha ambayo watu wake hununua rangi dukani. Ikitumiwa kwa lugha ya watu walioichimba, hupima umaskini wa mpimaji.

Kwa watunga kamusi nina mapendekezo matatu. La kwanza, kila jina la rangi lifasiriwe kwanza kwa kitu chake na kwa njia ya kukitengeneza, ndipo yafuate maelezo ya jinsi ionekanavyo machoni. La pili, mahali neno lilipohama kitu, kama nili na zingefuri, vitu vyote viwili viandikwe kwa utaratibu wa wakati, kwa kuwa maana ya leo bila ya jana ni nusu ya neno. La tatu, vitenzi vya kazi viandikwe pamoja na nomino zake: kupiga ngeu, kupaka deheni, kuchovya ukindu. Nomino peke yake haitamwambia msomaji wa kesho kilichofanyika.

Hivi karibuni nilirudi katika mtaa ule wa Unguja. Mzee amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na mwanawe ndiye anayeishika karakana. Nilimkuta akipima ubao kwa kijisanduku cha dukani chenye uzi ndani yake, na nilipomwuliza anafanya nini alinijibu kwamba anapiga ngeu. Mstari ulioachwa na uzi ulikuwa wa buluu. Nilimwuliza kama ameona ngeu nyekundu. Akasema aliwahi kumwona marehemu baba yake akiisaga, lakini udongo wenyewe ulitoka wapi hakumbuki kuambiwa.

Katika daftari langu la zamani nimefuta yale maneno mawili, nikaandika badala yake swali la yule mzee kama alivyoliuliza. Wasomaji wa jarida hili walio na habari za ngeu, mashimo yake, namna ya kuiosha na majina yake katika lahaja zao, wanaombwa waziandike zingali zikipatikana.